Mwalimu Mikono Nyuma

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, kengele ya mwisho itakapolia, Mwalimu wetu wa Sanaa na Ubunifu atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika shule hii moja. Wakuu wa shule wamepita sita. Paa la bwalo limebadilishwa mara mbili. Yeye amebaki mwisho wa korido ya chini, nyuma ya ule mlango wa kijani usiofungika vizuri mvua ikinyesha.

Kamati ya sherehe ya kumuaga iliniomba wasifu "mfupi, mchangamfu, usiozidi kurasa mbili". Ufupi nitajitahidi. Mimi nafundisha Jiografia, ni mtu wa mito na ramani, na wanaokaa karibu nami katika chumba cha walimu wanajua kwamba sina maneno mengi. Nilichaguliwa kwa sababu moja tu: kati ya wafanyakazi wa sasa, ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Ambacho kamati haikujua ni kwamba nililihama darasa lake nikiwa kidato cha tatu, kwa hasira, kwa sababu ya kidole gumba kimoja. Nimerudi hapa kama mwalimu, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, tumeazimana kalamu na kugawana sukari, na jambo hilo hatujaligusia hata siku moja. Akitoka Ijumaa bila mmoja wetu kulisema, ndiyo basi tena. Kwa hiyo nitaanza na kazi yake, kama kamati inavyotaka, halafu nitafika kwenye kidole.

Aliripoti akiwa na miaka ishirini na sita, na barua iliyosema atafundisha somo ambalo shule haikuwa nalo. Mkuu wa shule wa wakati ule aliisoma barua mara mbili, kisha akamuuliza kama hawezi kufundisha Hisabati badala yake. Hakuweza. Basi akapewa bwalo, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na kwa miaka mitatu wanafunzi wake walichora juu ya meza zenye makombo. Baadaye akapewa stoo iliyojaa majembe yasiyo na mipini. Ilikuwa na dirisha moja. Aliomba la pili, akalisubiri, akaliulizia kila mwezi hadi likatobolewa ukutani, na hadi leo huwaambia walimu wapya kwamba dirisha lile ndicho cheo kikubwa alichowahi kupanda.

Rangi hazikuwepo mwanzoni. Wanafunzi walichora kwa mkaa wa jikoni, mpaka mpishi akaja juu, akidai kwamba mkaa wake unakwisha kabla chai haijachemka. Wakapatana: mkaa utolewe vipande kumi kwa wiki, na darasa limlipe mpishi kwa kumchorea masufuria yake. Muhula mzima walichora masufuria. Mmoja wa wanafunzi hao leo ni daktari wa meno, na huapa kwamba bila vibonyeo vya masufuria yale asingejifunza kulitazama shimo hadi alione.

Kuhusu ubunifu, mwenye shaka na aende ofisini kwa karani wetu. Karani ni mfupi, hana haja ya kuficha, na kwa miaka mingi miguu yake ilining'inia chini ya meza kama ya mtoto kanisani. Darasa la kidato cha pili lilipewa kazi ya kumtafutia ufumbuzi. Walimpima urefu wa magoti, wakamuuliza maswali mpaka akachoka, wakachora vibao vya kuwekea miguu vya aina kumi na tatu, na seremala wa shule akatengeneza kimoja. Kimetimiza miaka kumi na saba. Kimehamishwa na karani kila alipobadilishiwa ofisi, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa.

Hatusemi kwamba hakuwa na makosa. Alama zake zilichelewa kila muhula bila kukosa. Alikuwa pia akisuuzia brashi kwenye vikombe vya chumba cha walimu, na kuvisahau mezani. Siku moja makamu mkuu wa shule, mtu wa haraka na asiyetazama anachokunywa, alibugia nusu kikombe cha maji ya buluu, akafuta mdomo, akaenda kuongoza mkutano wa asubuhi. Alizungumza dakika ishirini juu ya usafi wa mwili huku meno na midomo yake ikiwa buluu tupu. Wanafunzi mia nne walijiuma ndimi. Makamu alistaafu akiamini kwamba asubuhi ile ndiyo shule ilimsikiliza kwa utulivu kuliko siku zote, na Mwalimu hakuwahi kumvunja moyo.

Wanafunzi wanamwita Mikono Nyuma. Analijua jina hilo na halimkasirishi. Mwaka juzi alilitumia kutia sahihi kadi ya pole. Walimpa jina hilo kwa sababu ya namna anavyofundisha. Hupita kati ya meza polepole, kiganja cha kulia kimekamata kifundo cha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akiinama kutazama. Hashiki penseli ya mwanafunzi. Hagusi karatasi ya mwanafunzi. Hata mtoto akikwama, akilia, akimsihi amwonyeshe japo mstari mmoja, mikono ile haitoki mgongoni. Anachofanya ni kuuliza swali moja, kila siku lilelile: "Umeona nini?"

Mkaguzi mmoja alikuja akalikuta jambo hilo, likamkera. Mezani kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekuwa amechora kiti chenye miguu mitatu. Mkaguzi akasema mbele ya darasa kwamba mwalimu anayejali kazi yake angeshika penseli na kuuongeza mguu wa nne. Mwalimu akamgeukia mtoto, akamuuliza alichoona. Mtoto akajibu kwa sauti ndogo, "Mguu wa nne siuoni nikikaa hapa." Mkaguzi, kwa heshima yake, alikaa kwenye stuli ya mtoto yule, magoti yakamfika kidevuni, akatazama. Ripoti yake ingali kwenye faili. Sentensi ya kwanza inasema kwamba mwalimu hagusi kabisa kazi za wanafunzi. Ya pili inasema, "Sina hakika tena kama hilo ni kosa."

Hadithi hiyo husimuliwa kila mwaka, na sote hucheka. Hakuna aliyewahi kuuliza mikono ile ilikwenda nyuma lini. Mimi nilipoanza kidato cha kwanza haikuwa nyuma. Ilikuwa mbele, ina wino na gundi, inaelekeza, inashika, inachora pembeni mwa karatasi zetu ili tuone. Niliporudi kama mwalimu niliikuta nyuma, nikafikiri ni maringo ya uzee. Nimejua ukweli kwa wiki mbili tu.

Sasa kidole.

Nililelewa na bibi yangu, mama mzaa baba. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilibanwa na mlango wa ghala alipokuwa msichana, kikapona kimepinda, ncha yake ikitazama nje na ukucha ukiwa umelala upande. Alikuwa akikionea haya. Katika picha chache tulizonazo za bibi, za harusi na ile kubwa ya ukutani, mkono wa kulia umefichwa chini ya wa kushoto. Ni mbele yangu tu hakukificha. Kidato cha tatu tulipoambiwa tuchore mikono ya mtu wa nyumbani kwa ajili ya maonyesho ya siku ya wazazi, nilimwomba, akafikiri kidogo, akaiweka yote miwili mezani. Nilichora kwa wiki tatu. Nilikuwa na nia ya kuwa mchoraji wa vitabu siku hizo, na ule ulikuwa mchoro wa kwanza ambao niliutazama nikasema moyoni kwamba naweza.

Mwalimu alikuwa akipanga michoro kwenye mbao za maonyesho mchana wa siku iliyotangulia. Alipofika kwenye wangu aliona mikono mizuri na kidole kimoja kilichoharibika. Mwalimu yeyote wa kuchora angeona hivyohivyo: mtoto amefanya vizuri kila mahali, akakosea gumba, na gumba ni gumu kwa kila mtu. Mgeni rasmi angepita pale kwanza. Akachukua kifutio na penseli, na kwa dakika tano za nia njema akakinyoosha.

Bibi alikuja amevaa viatu vyake vya kutokea. Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya mchoro nikiwa sijautazama, kwa sababu nilikuwa nautazama uso wake. Akausogelea. Akautoa mkono wake wa kulia mfukoni, akauweka kando ya karatasi, akatazama huku, akatazama kule. Akacheka, lakini si kicheko chake.

"Kumbe na wewe ulikuwa unakionea haya," akasema.

Nilimwambia si mimi. Nilimwambia pale, njiani, na nyumbani. Akawa ananijibu, "Haya, mwanangu, haya," kama unavyomjibu mtoto ili alale. Lakini kabla hatujaondoka pale shuleni nilikuwa nimeubandua mchoro ule mbele ya Mwalimu, nikaukunjakunja, nikautupa kwenye pipa la takataka. Jumatatu nikaomba fomu ya kubadili somo. Mwalimu aliitia sahihi bila kusema neno, nami nikauchukua ukimya ule kuwa ni dharau. Nikahamia Jiografia. Haikupita hata miezi mitatu, bibi akapelekwa kwa baba mdogo, mji mwingine, kutibiwa moyo, na hakurudi. Sikuwahi kujua kama aliniamini.

Nilimkasirikia Mwalimu miaka mingi, na sioni haya kuandika hivyo hapa, maana anajua. Hata niliporudi kufundisha, nilimsalimia kwa adabu zote, nikacheka vichekesho vyake, na katika miaka kumi na mmoja sikuvuka kizingiti cha mlango wa kijani hata mara moja. Kikao kikipangwa mle, nilikuwa na udhuru.

Wiki mbili zilizopita mkuu wa shule alipanga watu wa kusaidia makabidhiano ya vifaa vya chumba cha sanaa. Udhuru wangu haukufua dafu. Mwalimu alikuwa darasani. Mimi nikaachiwa kabati na orodha. Brashi, rula, makopo, karatasi za rangi. Katika droo ya chini kabisa palikuwa na bahasha kubwa isiyoandikwa kitu. Nikaifungua ili nihesabu vilivyomo.

Juu kabisa ulikuwa mchoro wangu. Ulikuwa umenyooshwa, pengine kwa pasi, lakini mikunjo yote ya ngumi yangu ingalipo. Nyuma yake, kwa mwandiko wa Mwalimu: "Nimeharibu. Sikuuliza." Chini yake zilikuwa karatasi kumi na moja za mkono mmoja, mkono wa kulia, mara umeshika sahani ya bati, mara unaambua maharage. Sahani niliijua. Mkono niliujua. Zilichorwa na Mwalimu mwenyewe, na nyuma ya kila moja kulikuwa na tarehe, zikifuatana wiki kwa wiki kuanzia wiki ile ya siku ya wazazi. Zote zilikuwa Jumamosi. Siku za Jumamosi mimi nilikuwa mazoezini, mpira wa pete. Na chini ya kila tarehe kulikuwa na neno moja: "Bado."

Niliirudisha bahasha mahali pake, nikaenda kufundisha kidato cha pili, na nikauchora mto ubaoni ukipanda mlima. Darasa lilicheka sana. Jioni nilimpigia simu shangazi, ambaye tuliishi naye nyumba moja siku zile.

"Ehe, yule mwalimu wako!" shangazi akasema. "Mbona alikuwa anakuja kila Jumamosi? Siku ya kwanza alisimama mlangoni hata kukaa hataki. Akamwambia mama, kidole nimekinyoosha mimi, mtoto hana kosa. Mama akamwambia, haya, kama umekinyoosha, kaa chini ukipinde. Ndiyo akawa anakaa kuchora."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Mama alitukataza. Alisema una hasira za baba yako, zikipoa utauliza mwenyewe." Akaguna. "Sasa mwenzetu hukuuliza. Miaka yote hiyo tunakungoja uulize."

Niliikata simu nikalia, mtu mzima na heshima zangu. Nililia kwa sababu bibi alijua. Tangu Jumamosi ya kwanza alijua kwamba si mimi, na zile "haya, mwanangu" za baadaye nilizozisikia kama huruma zilikuwa za mtu anayejua na anayengoja. Nililia pia kwa sababu ya ile mikono. Mkutubi wetu, aliyekuwepo wakati ule, nilipomuuliza kesho yake aliniambia bila hata kufikiri kwamba Mwalimu alianza kutembea mikono nyuma muhula uleule niliohama. Wao walidhani mgongo unamuuma.

Kwa hiyo mkaguzi yule, na mtoto wa kiti cha miguu mitatu, na kila mtoto aliyeulizwa ameona nini kabla hajaambiwa amekosea, wamefundishwa kwa sababu ya kidole cha bibi yangu. Ni madarasa ya miaka ishirini na minne. Nimejaribu kuwahesabu wanafunzi, nikaishia njiani.

Ningeweza kumwambia haya ana kwa ana, na mara tatu nimefika hadi kwenye mlango wa kijani. Mara ya kwanza alikuwa na wanafunzi. Mara ya pili nilijifanya natafuta chaki. Mara ya tatu alinikuta nimesimama, akanitazama, akaniuliza kama nimepotea, nikasema ndiyo. Mimi, mwalimu wa ramani. Basi kamati inisamehe kwa kuutumia wasifu wake, na kwa ukurasa wa tatu.

Mwalimu, nimeziona karatasi zako. Siku ile nilizirudia mara nyingi kuliko orodha ya vifaa ilivyohitaji. Ile ya kwanza ulikichora kwa woga. Kidole kimepinda kama ndoano, utadhani ulikuwa unajiadhibu. Ya nne umekipinda kwa ndani, na bibi lazima alikucheka. Ya saba ni nzuri, lakini ukucha umetazama juu. Ya kumi na moja ina tarehe ya Jumamosi ya mwisho kabla hajapelekwa kwa baba mdogo, na nyuma yake umeandika "Bado" kama kwenye nyingine, likabaki hivyo kwa sababu bibi alipoondoka hukuwa na wa kukuambia vinginevyo, na aliyeweza kukuambia alikuja kukaa chumba cha walimu, anakunywa chai, amekununia.

Umekuwa ukituuliza tumeona nini. Mimi nimeona ncha imetazama nje, na ukucha umelala upande, na pale kwenye kiungo pana ule mkunjo mdogo alioupata akikaza kitu, ambao mimi mwenyewe katika wiki zangu tatu sikuuona. Ya kumi na moja si bado, Mwalimu. Ndicho. Ndicho kidole chake chenyewe, na nyumbani kwetu hakuna picha nyingine inayokionyesha. Nakuomba karatasi ile. Ile yangu yenye mikunjo baki nayo wewe, tumebadilishana.

Kwa niaba ya wenzako wote, walimu, karani na kibao chake, mkutubi, jikoni na ofisini, asante kwa miaka thelathini na minne, kwa dirisha la pili, na kwa swali lile. Tunakuombea siku njema huko uendako: asubuhi zisizo na kengele, afya, karatasi tele, na mwanga wa kutosha popote utakapoketi kuchora. Ijumaa, hotuba zikiisha, utaitwa mbele kupokea zawadi. Kamati imenikataza kusema ni nini. Nitasema tu kwamba ni kubwa, kwamba nimeomba niikabidhi mimi, na kwamba mtu hawezi kuipokea mikono ikiwa nyuma.